Unavuta bangi ili ulale? Namna ya kuurudisha usingizi wako, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nauandika kwa mtu mmoja: yule ambaye saa nne usiku, watoto wakishalala, anafungua mlango wa uani taratibu akiwa na kijiti mfukoni, kwa sababu anaamini bila hicho hatapata hata lepe la usingizi. Nimekuwa mtu huyo kwa miaka minane. Mimi ni fundi tailizi, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, na kazi yangu ni kupiga magoti kutwa. Jioni mgongo unawaka, magoti yamekaza, kichwa bado kinahesabu boksi na grauti. Rafiki wa saiti aliniambia, "Vuta kidogo, utalala fofofo." Nikavuta, nikalala fofofo.

Naanza na hilo makusudi. Waliokuwa wakinikanya walisema bangi haileti usingizi, na mimi nilijua kwa mwili wangu kwamba imeniletea, basi sikuwasikiliza hata pale waliposema mambo ya kweli. Usingizi inaleta. Cha kuuliza ni usingizi wa namna gani, unadumu kwa muda gani, na unaulipia nini.

Kabla ya yote, jua kinachotokea usiku

Ndani ya bangi kuna kemikali nyingi, lakini inayoleta stimu inaitwa THC. Miili yetu hutengeneza kemikali zake zinazofanana nayo, na ubongo una vipokezi maalumu vya kuzipokea, kama kitasa kilichotengenezewa ufunguo wake. THC inaingia kwenye kitasa hicho na kukishikilia kwa muda mrefu kuliko ufunguo wenyewe. Ndiyo maana siku za mwanzo mtu analala haraka.

Ukivuta kila siku, ubongo unajirekebisha: unapunguza vitasa. Msokoto uliokutosha mwaka jana haukutoshi mwaka huu. Unaongeza wa pili, au unatafuta kikali zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoingia kwenye skanka. Mwisho wake unavuta ili ulale kama mtu wa kawaida anavyolala bila kuvuta. Na ukikosa usiku mmoja, unakesha macho makavu, halafu unasema, "Unaona? Bila bangi mimi silali." Nilijiambia hivyo mara nyingi sana. Sikujua kwamba kule kukesha kulitokana na bangi yenyewe.

Jambo la pili ni ndoto. Usingizi unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Ndani yake kuna usingizi mzito, ambao mwili unajikarabati, na kuna usingizi wa ndoto, ambao macho yanachezacheza chini ya kope. Huu wa ndoto uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1953 na watafiti wawili wa Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Kwa mtu mzima unachukua kama robo ya usiku, na sehemu yake kubwa inakuja kuelekea alfajiri. Una kazi yake katika kupanga kumbukumbu na kutuliza machungu ya mchana. THC inaupunguza. Muulize mtu anayevuta kila siku ameota nini wiki hii, wengi watakwambia hawaoti. Mimi nilikuwa najisifia kwa hilo, nikidhani ni dalili ya kulala vizuri.

Na kama unachanganya na tumbaku, kuna nikotini pia, na nikotini inaamsha. Unajipa kichangamshi na kilevi kwa mkupuo mmoja.

Dalili za mchana ndizo zilizonifungua macho. Nilikuwa nalala masaa saba, lakini asubuhi kichwa kizito kama kimejazwa mchanga. Siku moja kwenye nyumba ya mteja nilipima sebule, nikaandika vipimo, nikaanza kukata tailizi za 60 kwa 60 kwa ajili ya pembeni. Nilipozilaza, zote zilikuwa fupi kwa sentimita mbili. Boksi nne. Nilikuwa nimesoma tepu upande usio wake, na sikugundua mpaka grenda ilipotulia. Nilizilipa mwenyewe, malipo ya siku kadhaa za magoti. Jioni ile sikuvuta kwa ajili ya usingizi, nilivuta kwa ajili ya hasira, na usiku nikaamka saa nane nikiwa na jasho. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta njia ya kutoka.

Hatua ya 1: Andika wiki moja bila kubadilisha chochote

Usianze kwa kuacha. Anza kwa kuhesabu. Chukua daftari, mimi nilitumia kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo, na penseli ileile ya kazini. Kila asubuhi andika mstari mmoja, kwa mfano:

*Jumanne. Kitandani saa 4:30 usiku. Nadhani nililala saa 5. Niliamka mara 2. Niliondoka kitandani saa 11:45 alfajiri. Misokoto 2: saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kahawa vikombe 4, cha mwisho saa 1 usiku. Nimeamkaje: 2 kati ya 5.*

Usiangalie saa usiku ili upate kuandika. Kadiria tu asubuhi. Kuchungulia saa kunakunyima usingizi kuliko unavyodhani.

Wiki ile daftari lilinionyesha mambo mawili ambayo sikuwa nayajua. Kwanza, siku nilizovuta misokoto mitatu ndizo nilizojipa alama ndogo zaidi asubuhi. Pili, kahawa. Jioni nilikuwa napita kijiweni Majengo, kahawa chungu kwa kashata, drafti inachezwa, na bila kujua nakunywa vikombe vinne. Kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu mwilini. Maana yake nusu ya kahawa ya saa moja jioni ilikuwa bado imo ndani yangu saa sita usiku, na mimi nikawa natumia bangi kupigana na kahawa. Kahawa na chai ya rangi baada ya saa nane mchana niliziacha kwanza, kabla sijagusa bangi. Vinywaji vya kuongeza nguvu hali kadhalika. Vijana wa bodaboda hilo linawahusu sana.

Hatua ya 2: Chagua namna ya kuacha, na chagua wiki

Kuacha bangi ghafla kunasumbua, lakini kwa kawaida si hatari kwa uhai. Kuna mambo mawili ya kuangalia kwanza. Kama unakunywa pombe nyingi kila siku pamoja na bangi, usiziache zote mbili kwa pamoja ukiwa nyumbani. Kuacha pombe ghafla kwa mnywaji mkubwa kunaweza kuleta degedege na kuua. Pita hospitali kwanza. Na kama unatumia dawa za kifafa au za akili, mwambie daktari wako kabla hujabadilisha kitu.

Ukishajua uko salama, njia ni mbili. Ya kwanza ni kukata siku moja na kumaliza. Inawafaa wanaovuta kidogo, na wale ambao kwao "moja tu" haiwezekani. Ya pili ni kupunguza kwa wiki mbili au tatu, na ndiyo niliyoitumia mimi. Nilikuwa kwenye misokoto mitatu. Siku nne za kwanza mbili, siku nne zilizofuata mmoja, kisha nusu. Kila nilipopunguza, nilihakikisha pia nauvuta mapema zaidi, saa kumi na mbili jioni badala ya saa nne usiku, ili kitanda na bangi viachane. Hilo la muda lina uzito kuliko hesabu yenyewe: ubongo umeshajifunza kwamba moshi ndio taa ya kuzimia, na lazima ujifunze kuzima bila moshi.

Kuhusu wiki, usichague ile ambayo kazi inakamilishwa, wala wiki ya msiba au harusi. Chagua ambayo ukiamka umechoka haitakugharimu maisha. Dereva wa lori la Singida au Mwanza aanze akiwa mapumzikoni, si barabarani.

Hatua ya 3: Andaa chumba, na mwambie mtu mmoja

Mimi nilimwambia mama watoto. Nilitegemea maneno, lakini alichosema ni, "Kwa hiyo hasira za wiki mbili zijazo si zangu?" Nikamwambia si zako. Tukakubaliana kwamba nikianza kupaza sauti nitatoka nje nizunguke nyumba. Mweleze mtu mapema, maana arosto, yaani mateso ya mwili kukosa kilevi ulichouzoesha, inafanana na ugomvi.

Toa kila kitu: kijiti, karatasi, kiberiti kile, hata koti lenye harufu lifuliwe. Kama duka la kete liko njiani, badili njia. Kijiwe cha kuvutia kiambie umesafiri.

Andaa shuka mbili. Utatoka jasho, na kubadilisha shuka saa nane usiku ni rahisi kuliko kulala kwenye unyevu, hasa ukianza Juni au Julai, upepo wa Dodoma unapopenya chini ya mlango na usiku unauma. Kama ni Novemba, shida yako itakuwa bati: jua limelipiga kutwa, usiku linarudisha joto. Fungua madirisha jioni, acha nyavu, na chandarua kibaki mahali pake. Bati linalopigapiga kwa upepo lipigiliwe msumari mchana. Ni jambo dogo, lakini usiku wa kwanza bila bangi utalisikia kama ngoma.

Panga saa moja tu ya kuamka, na uishike kila siku, Jumapili pia. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baadaye.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza hadi wa kumi

Hapa ndipo wengi wanaporudi, basi nitakaa kidogo.

Arosto ya bangi ipo, tangu mwaka 2013 imeingizwa hata kwenye mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa Marekani. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya msokoto wa mwisho, hufika kileleni ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki mbili. Usingizi ndio unaochelewa kutengemaa; kwa mtu aliyevuta sana unaweza kusumbua mwezi au zaidi. Utakutana na hasira, wasiwasi, kukosa hamu ya kula, kichwa, tumbo kuvurugika, jasho, kugaragara kitandani, na ndoto.

Usiku wa kwanza nililala kama masaa matatu. Wa pili, mawili. Usiku wa tatu nikapitiwa alfajiri na nikamwota baba yangu. Alikuwa shambani Mpunguzi, anakata matawi ya mizabibu kwa kisu chake kifupi, anayarusha pembeni bila kutazama. Nikamwona mpaka udongo mwekundu kwenye kucha. Alinigeukia akaniuliza mbona nimechelewa. Baba alifariki mwaka wa pili wa kuvuta kwangu, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwota. Niliamka nimelowa, moyo unakwenda mbio, mama watoto ameshawasha taa ya simu. Nililia kama mtoto.

Naeleza hili kwa sababu ndoto za wiki hiyo zinatisha. Ubongo uliobaniwa usingizi wa ndoto unalipiza deni lote kwa pamoja, na ndoto zinakuja ndefu, zenye rangi, nyingine za kukimbizwa, nyingine unaota unavuta na kuamka na majuto. Watu wengine wanadhani wamerogwa, au jinamizi limewakalia, wanakimbilia kwa mganga au wanarudia msokoto ili zikome. Ni deni linalolipwa. Zinapungua zenyewe, kwa wengi baada ya wiki mbili tatu. Ikikuamsha, kaa, kunywa maji, jiambie uko chumbani kwako na leo ni siku gani, kisha badilisha shuka.

Chakula kitakataa kushuka. Usilazimishe ugali mkavu. Mimi niliishi kwa uji wa uwele asubuhi, na jioni ugali kidogo kwa mlenda, maana mlenda unateleza wenyewe hata koo likiwa limefunga. Kunywa maji ya kutosha mchana, punguza masaa mawili kabla ya kulala, la sivyo utaamshwa na choo, na kama choo kiko uani utakuwa umeamka kabisa.

Angalizo moja nalisisitiza: jasho na baridi kidogo ni vya arosto, lakini homa ya kweli usiipe arosto. Nenda zahanati ukapimwe malaria. Dada nesi mmoja aliniambia amewahi kupokea kijana aliyekaa siku nne na malaria nyumbani akidhani ni bangi inamtoka.

Mchana, hata umelala masaa mawili, inuka saa ileile uliyopanga. Toka juani nusu saa ya kwanza. Mwanga wa asubuhi unaipanga saa ya mwili, na jua Dodoma hatudaiwi. Tembea, beba, fanya kazi ya mikono. Usilale mchana, au ukizidiwa kabisa lala dakika 20 kabla ya saa tisa. Pikipiki na grenda ziache siku ambazo umelala chini ya masaa manne. Kidole hakirudi.

Hatua ya 5: Kifundishe kitanda upya

Kuna tiba ya kukosa usingizi isiyotumia kidonge, inayofanya kazi kwa kubadili mazoea na mawazo kuhusu kitanda. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kilishauri watu wazima wenye shida ya usingizi ya muda mrefu waanze nayo kabla ya dawa. Bora uifanye na mtaalamu, lakini mambo yake makuu unaweza kuyaanza mwenyewe.

La kwanza: kitanda ni cha kulala na cha ndoa, basi. Hutazami simu humo, huhesabu madeni humo. Panda ukiwa na usingizi, si ukiwa na uchovu. Hivi ni vitu viwili. Usingizi ni pale kope zinaposhuka zenyewe.

La pili: ukikaa kama dakika 20 hujalala, ondoka kitandani. Najua wengi tunaishi chumba kimoja, watoto wako kwenye mkeka, hakuna sebule ya kwenda. Mimi niliweka ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango, na kanga ya mama watoto ya kujifunika. Nilikaa pale gizani, mgongo ukutani, nikisikiliza upepo. Wengine wanasali, wengine wanavuta uradi. Usiwashe simu. Kope zikishuka, rudi. Usiku mmoja nilirudi na kutoka mara tano. Wiki iliyofuata mara mbili. Inachosha kuisoma, na inachosha zaidi kuifanya, lakini ndiyo iliyonisaidia kuliko yote.

La tatu ni kubana muda wa kitandani, na hili lianze wiki ya tatu, arosto ikishalegea. Rudi kwenye daftari, tafuta wastani wa masaa unayolala kweli. Tuseme ni matano na nusu, lakini unakaa kitandani masaa nane. Basi jipe masaa sita: kama unaamka saa 11 alfajiri, panda saa 5 usiku, usiwahi hata ukiwa umechoka. Usingizi unabanwa, unakuwa mzito. Ukiona karibu muda wote wa kitandani unalala, ongeza dakika 15 kila wiki. Usishuke chini ya masaa matano. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, dereva, na anayefanya kazi juu ya jukwaa la ujenzi asifanye hili bila kusimamiwa na daktari.

Walinzi wa usiku, ninyi saa yenu imegeuka. Vaeni kofia iliyoshuka usoni mkirudi asubuhi ili jua lisiwaamshe, tundikeni pazia zito, na mpange masaa yaleyale kila siku hata siku za mapumziko.

Hatua ya 6: Usiweke kilevi kingine kwenye pengo

Pombe ni ya kwanza kujitokeza. Glasi ya mvinyo wetu, au wanzuki, inakusinzisha, kisha saa nane usiku pombe ikishatoka unaamka na moyo unadunda. Piriton za dukani ni za mafua na mzio; zinasinzisha na kukuacha na ukungu asubuhi, na mwili unazizoea upesi. Valium na ndugu zake, dawa za kutuliza, usizinunue kwa rafiki wala dirishani bila cheti, kwani kuzitoka ni kugumu kuliko bangi. Biskuti za bangi si njia ya upole: inachukua nusu saa hadi masaa mawili kuzisikia, mtu anadhani hazijashika anaongeza, kisha zinamlewesha usiku kucha na asubuhi yake. Sigara nayo, ukiweza, iondoke jioni.

Ukiteleza usiku mmoja ukavuta, andika kwenye daftari saa na sababu, na kesho endelea pale ulipofikia. Mimi niliteleza siku ya 11, baada ya mteja kunicheleweshea hela. Sikurudi siku ya kwanza kama nilivyoogopa. Wataalamu waliopiga picha za ubongo wa wavutaji wameona vile vipokezi vinaanza kurudi ndani ya siku mbili za kuacha, na baada ya wiki nne hivi vinakaribia vya mtu asiyevuta. Kila usiku bila moshi kuna kitasa kinachorudishwa mlangoni.

Hatua ya 7: Ujue lini utafute mganga wa hospitali

Nenda bila kungoja kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama unaamini watu wanakufuatilia, kama unapitisha siku mbili tatu bila kulala na bado una nguvu na maneno mengi, au kama yanakujia mawazo ya kujiua. Hili la mwisho ni la saa hiyohiyo, na mtu akusindikize. Nenda pia kama unatapika mfululizo na unapata nafuu ukioga maji ya moto tu. Hiyo inawapata baadhi ya wavutaji wa muda mrefu. Na kama mwenzio anasema unakoroma kisha pumzi inakatika, shida yako ya usingizi inaweza kuwa ni ya njia ya hewa, na bangi si tiba yake.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General. Na ipo Mirembe. Najua jina hili Dodoma linavyotumika kutaniana tangu shuleni, "umetoroka Mirembe." Mimi mwenyewe nilipita geti lake mara mbili bila kuingia, nikiogopa kuonwa na fundi mwenzangu. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapa tangu mwaka 1927, na nilichokikuta ndani ni benchi, foleni, na daktari kijana aliyeniamkia shikamoo kisha akaniuliza nalala saa ngapi. Kliniki ya methadoni ya Itega ni ya walioathirika na heroini. Wa bangi usiende kutafuta methadoni, tiba yako ni ushauri na marekebisho haya ya usingizi.

Wengi wanaogopa sheria. Ni kweli bangi imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kulima, kumiliki na kutumia. Lakini daktari kazi yake ni kutibu, na anayekwenda kuomba msaada wa kuacha anakwenda kama mgonjwa. Mwambie kiasi halisi unachovuta. Ukimpunguzia, atakupa ushauri wa mtu mwingine. Ukitaka kuongea na mtu kwanza, mamlaka ya dawa za kulevya ina namba ya bure, 119.

Na nenda na lile daftari. Kama miezi mitatu imepita tangu uache, na bado siku tatu au zaidi kwa wiki hulali, basi kuna jambo jingine: huzuni, maumivu, tezi, pumzi, au kukosa usingizi kwenyewe kulikokuwapo hata kabla hujaonja bangi. Kwangu lilikuwa magoti. Daktari alipitia mistari yangu ya penseli ukurasa kwa ukurasa, akaona siku ninazoamka mara nyingi ni zile nilizofanya kazi ya chini kuanzia asubuhi, akanipeleka kwenye mazoezi ya viungo na kuniambia ninunue pedi za magotini. Nilizipata sokoni Majengo jioni ileile.